Shajara ya Mtu wa Chini

Jumatatu
Kocha wetu wa jujitsu ametangaza kuwa mwezi huu ni wa gadi wazi, yaani kumzuia mtu kwa miguu ukiwa chini bila kumfungia kiunoni. Gadi ya kufunga, anasema, ni ile ya kumzungushia mwenzako miguu kiunoni na kuipishanisha mgongoni mwake. Sisi tunacheza bila joho la jujitsu, na kwa joto hili la Dar kiuno kikishalowa jasho gadi hiyo hufunguka yenyewe. Basi afadhali uifungue wewe, kwa mpango.

Nikalala chali, nikainua miguu, nikasubiri. Mwenzangu mmoja, fundi wa viyoyozi, alinishika vifundo vyote viwili, akaisukumia miguu yangu upande wa mlangoni, yeye akapita upande wa dirishani. Wabrazili huita njia hiyo toreando, kwa sababu ndivyo wacheza na fahali wanavyompisha fahali. Fahali nilikuwa mimi.

Jumanne
Shingo haigeuki. Ofisini kila aliyeniita nimemgeukia mwili mzima. Bosi ameona ni heshima.

Kwenye daladala nimeangalia video ya Marcelo Garcia. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 20, alikwenda kwenye mashindano ya ADCC mjini São Paulo akatwaa ubingwa wa uzani wa chini ya kilo 77, na baadaye akautwaa tena hadi ikafika mara nne. Anakaa chini, anaipenyeza miguu yake katikati ya mapaja ya mtu, mtu anapaa. Abiria wa pembeni amechungulia, akauliza huyo wa chini amekosa nini. Nikamwambia ndiye anayeshinda. Akanipa pole. Bando likaisha.

Jumatano
Wenye joho wana kola na mikono ya joho ya kushikia. Sisi tuna kifundo cha mkono, nyuma ya kiwiko, kisogo na kisigino, basi. Kwa hiyo kazi ya kumzuia mtu inahamia miguuni: wayo mmoja ukanyage nyonga yake, ugoko wa mguu wa pili umzibe kifuani, na mguu usio na kazi utafutiwe kazi kabla yeye hajaukamata.

Nimepangiwa mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye adabu zake. Aliniamkia "Shikamoo," na kabla sijaimaliza "Marahaba" alikuwa ameshanipita. Raundi iliyofuata niliuweka wayo nyongani mwake, mahali penyewe hasa. Kumbe anatekenyeka. Akacheka mpaka akaishiwa nguvu, akaniangukia kifuani, akatulia hapo. Kocha amesema kupita ni kupita, na kwa kanuni za shirikisho la IBJJF hizo ni pointi 3.

Alhamisi
Ukumbi una kwaya, hakuna mazoezi. Nimefanyia nyumbani, kwenye zulia la sebuleni: kulala ubavu, kukanyaga chini, kuchomoa nyonga, kurudisha magoti kifuani. Kocha anasisitiza kwamba kiwiko na goti visiachane, maana nafasi kati yao ndiyo mlango wa mpitaji.

Nikiwa chali, magoti kifuani, nimejikumbatia, mama mkwe akaingia bila hodi. Alikuja kumletea binti yake viazi. Aligeuza uso ukutani kama inavyopasa, akauliza, "Baba, ni tumbo?" Sikuona namna ya kumweleza gadi wazi mama mkwe aliyeelekea ukutani. Nikasema ndiyo, mama. Akaniletea chai ya tangawizi, kali, kikombe kikubwa. Nimeinywa yote.

Ijumaa
Leo ilikuwa gadi ya kipepeo. Hapa mtu halali, anakaa: kichwa mbele, mgongo umejikunja kidogo, miguu yote miwili ndani ya mapaja ya mwenzake, mkono mmoja umepenya chini ya kwapa lake. Ukianguka upande wa mkono wa pili huku mguu ukimnyanyua paja, anapinduka. Ila ukishalazwa chali, miguu hiyo hainyanyui kitu tena. Fundi wa viyoyozi analijua hilo. Ananisukuma kifuani kwa kiganja kimoja, kwa upole, kama anayefunga friji.

Katikati ya raundi umeme ukakatika, feni zikasimama. Nikaendelea kukikamata kifundo cha mkono wake, nacho kikaendelea kutoka. Mwisho nilibaki nimeshika mkono wangu mwenyewe, na ndio pekee uliokubali. Tulimwomba fundi aangalie umeme. Alisema yeye ni wa viyoyozi.

Jumamosi
Amekuja mgeni wa zaidi ya kilo mia moja. Mtu wa namna hiyo hababaiki na miguu ya watu. Anaizunguka nyonga yako kwa mikono, anafunga viganja nyuma, halafu anasubiri. Nyonga ikishafungwa haichomoki, na nyonga isiyochomoka haina gadi. Dawa ni kutomruhusu kufika: ugoko uwe mlalo tumboni mwake mapema, mkono uwe begani. Kocha alinieleza hayo wakati mgeni ameshafika. "Uko sawa, kaka?" mgeni aliniuliza. Jibu halikupata pa kutokea. Akachukulia niko sawa.

Baadaye mwanafunzi wa chuo alikamata kisigino changu. Huo ndio ushuru wa gadi wazi: miguu unayomzuia nayo mtu ndiyo anayoikamata. Kocha huturudia kila wiki kwamba kisigino kikisokotwa, kano za goti zinaweza kuchanika kabla maumivu hayajafika, kwa hiyo mtu agonge mapema, yaani akubali kushindwa. Ndiyo silaha iliyompa Lachlan Giles medali ya shaba ya uzani huria kwenye ADCC ya mwaka 2019. Yeye alikuwa wa kilo 77, na aliwagongesha watatu waliomzidi uzito kwa mbali. Mimi niligonga kijana alipokigusa tu. "Asante, mzee," akasema.

Jumapili
Mapumziko. Mke wangu anasema usiku nilimwekea ugoko tumboni na kumshika kisogo. Nikamuuliza kama alipita. Hakujibu. Ameanza kulala upande wa ukutani, sehemu ambayo kiufundi ni mbaya zaidi kwake.

Mama mkwe amepiga simu kuulizia tumbo.

Jumatatu
Raundi ya mwisho, mimi na mwanafunzi wa chuo. Shikamoo, marahaba. Akaitupa miguu yangu kushoto; nikachomoa nyonga, nikairudisha. Akaja kulia na goti lake la kukata katikati. Nikamkinga kwa ugoko. Akaruka juu, akakuta nyayo. Sikumpindua, sikumkaba, sikushika kitu chochote kwa zaidi ya sekunde mbili. Kila alipofika alinikuta nimemwelekea. Kengele ikalia tukiwa vilevile, yeye akihema, mimi nikihema zaidi.

Fundi wa viyoyozi, aliyekuwa pembeni akinywa maji, akauliza kwa nini leo hatukufanya chochote. Kocha akamwambia kwamba hiyo ndiyo gadi: bila nguo ya kushikia huwezi kumfunga mtu mahali, unachoweza ni kumkalia njiani kila anakopita. Fundi alisema hiyo anaijua, ni kama foleni ya Mwenge.

Kabla ya kufunga ukumbi kocha ametangaza ratiba. Mwezi ujao tunaanza kujifunza kusimama, kwa sababu kwenye ADCC, muda wa pointi ukishaingia, anayejikalisha chini mwenyewe hukatwa pointi moja. Ada ni ileile.