Jibini la Serikali

Vita vilipopamba moto, Fahali, mtawala wa Uingereza, aliwaita wanyama wa Wensleydale na mabonde jirani. Huko kila zizi lilikuwa na jibini lake. La Mzee Kondoo lilimeguka likiguswa tu. La Mbuzi lilikuwa laini kama malai. La Bi Ng'ombe lilikuwa na mishipa ya buluu, na wageni walilikunjia uso kabla ya kuomba kipande cha pili.

“Adui anazamisha meli zetu za chakula,” alisema Fahali, “na ndama wanataka maziwa. Kuanzia sasa jibini ni la aina moja: gumu, kavu, lisiloharibika safarini.”

Tusimwonee Fahali, hoja ilikuwa na mashiko. Mgao wa jibini ulipoanza Mei 1941, kila mdomo ulipewa gramu 28 kwa wiki, na jibini linalomeguka ukilipima gramu 28, sehemu yake inabaki kwenye kisu.

Ukaguzi akakabidhiwa Panya, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu. Akazunguka na daftari, akionja.

“Bi Ng'ombe, hili lina ukungu.”

“Ndio utamu wake, mheshimiwa.”

“Fomu haina safu ya utamu.”

Akalitaifisha, akaenda kulichunguza nyumbani kwake usiku kucha.

Maziwa yote yakapelekwa kiwandani kwa Nguruwe, mwenye mapipa makubwa na binamu wizarani. Wengine wakaambiwa wavumilie, vita vikiisha watarudishiwa leseni zao. Mzee Kondoo akauza vyombo vyake. Binti yake akaajiriwa na Nguruwe kufunga vifurushi, na namna ya kugandisha maziwa hakuwahi kufundishwa.

Mwaka 1945 vita vikaisha. Kondoo akaenda kuulizia leseni, akaambiwa Panya bado anahesabu. Bi Ng'ombe hakungoja. Alitengeneza kipande kwa siri, akawaonjesha vijana wa kijijini, waliokulia jibini la Nguruwe. Wakatema. “Bibi, limeoza hili!”

Mgao wa vyakula ulifutwa kabisa Julai 1954, miaka 9 baada ya amani. Leseni ya Kondoo ikafika kwa posta, mwenyewe keshazikwa. Mwaka huohuo Panya alistaafu, akaomba kiinua mgongo chake kilipwe kwa jibini la buluu. Wizara ikamjibu kwa barua yenye muhuri kwamba hakuna tena anayejua kulitengeneza.