Niacheni na Jazi Yangu

Sijui ni nani aliyewashauri wenye hoteli kwamba jazi ni muziki wa kumsinzisha mtu. Ukiingia mapokezi, hata kitambulisho hujaulizwa, saksofoni imeshaanza kukulilia kutoka darini, polepole, bila ngoma, bila mwisho. Dakika tano tu pale unatamani kitanda, na bei ya kitanda wameshaibandika ukutani. Labda ndiyo biashara yenyewe.

Ubaya ni kwamba sifa hiyo imesambaa. Nikisema ofisini kuwa mimi nikinuna hujitibu kwa jazi, watu wananitazama kwa huruma, na dada wa masijala ananiuliza kama usiku napata usingizi. Napata sana. Jazi ninayoisema mimi haimlazi mtu. Ni ile ya matarumbeta yanayokatizana maneno, besi inayotembea kwa hatua ndefu, na mpiga ngoma anayetwanga kana kwamba anadai mshahara wa miezi mitatu.

Chukua "Sing, Sing, Sing". Aliyeitunga ni Louis Prima, mwaka 1936, lakini aliyeivalia njuga ni Benny Goodman na bendi yake. Walipoirekodi mwaka uliofuata upande mmoja wa santuri haukutosha. Ilibidi msikilizaji anyanyuke, aigeuze, ndipo apate kumalizia utamu wake. Januari 1938 wakaipeleka Carnegie Hall kule New York, ukumbi wa watu wa kukaa wima na kukohoa kwa adabu, na huko Gene Krupa akazishukia ngoma bila kujali amevaa suti ya nani.

Huo wimbo haufai kusikilizwa ndani ya daladala. Juzi nilikuwa nimebanwa siti ya nyuma, foleni ya Ubungo haisogei, konda amemaliza matusi yote aliyojaliwa, abiria wamenuna mpaka dereva anaogopa kutazama kioo. Mimi peke yangu, visikilizi masikioni, natabasamu na kujipigia mapaja. Shida ni kwamba siti ya watu wanne tulikaa watano, na hapo mapaja hayana mipaka. Mama wa pembeni yangu hakusema neno. Aliunyanyua mkono wangu kwa vidole viwili, akauweka juu ya begi langu, akaupigapiga kidogo ili uelewe. Raha yangu ikashuka kituo kilichofuata. Mimi nikaendelea na safari.

Lakini kidonge chenyewe, kile kikubwa, ni "Watermelon Man" ya Herbie Hancock. Piano inaingia na kale kamdundo kake, kanarudia, kanarudia, halafu tarumbeta ya Freddie Hubbard na saksofoni ya Dexter Gordon zinaita kwa pamoja. Hasira ikiwa ya kawaida, ya bosi au ya kodi ya nyumba, haifiki mwisho wa wimbo. Hancock aliurekodi mwaka 1962, akiwa na miaka 22, kwenye albamu yake ya kwanza, *Takin' Off*. Alikuwa anakumbuka utoto wake Chicago: muuza matikiti maji akipita vichochoroni na mkokoteni wake, magurudumu yakigonga mawe ya barabara, naye akinadi. Kamdundo kale ndiyo magurudumu yale.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Kwani mtaani kwetu wauzaji hawapiti? Saa kumi na mbili asubuhi, tena Jumapili, anapita kijana wa sumu ya panya. Yeye hanadi kwa mdomo wake. Alijirekodi mara moja, akafunga kipaza sauti kwenye baiskeli, na tangu siku hiyo baiskeli inajisemea yenyewe: panya, mende, kunguni, chawa, viroboto, utitiri. Orodha haibadiliki, na hakuna mdudu anayeruhusiwa kumtangulia mwenzake. Betri ikichoka ndiyo balaa, maana sauti inakuwa nzito na kunguni wanatajwa taratibu, kwa majonzi, mpaka unawaonea huruma. Hajapinda kona, mnunuzi wa vyuma chakavu huyo. Nyuma yake baiskeli ya aiskrimu, wimbo mmoja, noti nane.

Mtoto wa Chicago alipitiwa na muuza matikiti akaambulia wimbo. Mongo Santamaría, mpiga ngoma wa Kuba, akaurekodi upya, mwaka 1963 ukapanda kwenye chati za Marekani, na kwa kuwa Hancock alikuwa amemsikiliza mkubwa wake Donald Byrd akang'ang'ania haki za utunzi, hela zikajua njia ya kwake. Kijana akajinunulia gari la michezo, Cobra, la kufungua juu. Mimi nimepitiwa na sumu ya panya miaka nenda miaka rudi na sijaambulia hata noti moja. Nilichoambulia ni sumu yenyewe, na panya wangu wananenepa.

Jumapili moja nikaamua kulipiza. Nikafungua dirisha, nikakipandisha kispika changu juu ya nondo, "Watermelon Man" kwa sauti yote, mtaa mzima usikie kunadi kunakuwaje. Ilianza vizuri. Kijana akafunga breki, akapunguza sauti ya panya, akainamisha kichwa akisikiliza. Piano ikazunguka, tarumbeta ikaita, na mguu wake nikauona kwa macho yangu unagonga pedeli. Nikajisemea, leo nimempata.

"Mzee," akaniita, "hiyo spika unauza?"

Kelele zile zikamtoa na jirani yangu, mstaafu wa reli, akaja mpaka ukutani na kikombe chake cha chai. Kwake yeye jazi ni Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na Tabora Jazz, basi; hao wa Marekani bado wanajifunza. Nikamwamkia, nikanyamaza. Kumbishia mtu aliyesakata dansi Mbaraka Mwinshehe akiwa jukwaani ni kujitafutia aibu asubuhi asubuhi. Tena gitaa la Mbaraka lenyewe, nikiwa mkweli, hunikunjua uso haraka kuliko wengi niliowataja hapa. Ila sikumwambia. Angekaa mpaka mchana.

Ndani ya nyumba nako usalama hakuna. Kispika kile hakina waya, na kisicho na waya hakina uaminifu. Siku ya Ijumaa nimerudi nimechoka, nimeweka "The Sidewinder" ya Lee Morgan, tarumbeta ndiyo kwanza inaanza kumchokoza mpiga ngoma, mara singeli hiyo, kasi ya mtu anayefukuzwa. Kijana wangu yuko chumbani kwake, simu yake imejiunga na spika yangu, na ananiambia kupitia mlango kwamba si yeye, ni simu. Nikairudisha jazi. Tangazo la mikopo. Nikavumilia tangazo. Bando likaisha.

Kwa sasa mama mkwe yuko kwetu, amekuja kliniki ya magoti. Ni mama mpole, mambo ya mtu hagusi, anakaa zake mkekani kwenye ungo wa mchele akisubiri taarifa ya habari ya saa mbili. Jana, zikiwa zimebaki dakika chache, nikamwomba ruhusa niweke wimbo mmoja tu. "Weka, baba," akasema. Nikaweka "April in Paris", ile ya bendi ya Count Basie ya mwaka 1955.

Wasioijua niwaeleze: wimbo ule unafika mwisho kwa kishindo, mwisho uliokamilika, wa kupigiwa makofi. Mama mkwe akapumua, akasema, "Haya, ahsante baba," akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Basie akaiamuru bendi irudie. Matarumbeta yakalipuka upya, mama akairudisha rimoti mkekani. Wakamaliza tena, kishindo kilekile. Akangoja kidogo, maana sasa ameshawajua, halafu akaichukua polepole. Basie akaamuru mara nyingine.

Mke wangu akajifanya ana kazi jikoni. Mimi nilikuwa nimeuma shavu nisicheke mbele ya mkwe. Mama akaitazama spika, akanitazama mimi, akamgeukia binti yake kule mlangoni.

"Hivi hawa," akasema, "hawana kwao?"