Mwanachama wa Siti ya Kati

Mimi ni mwanachama wa klabu ya shirika moja la ndege. Jina silitaji, maana safari yangu ya kurudi London bado iko mikononi mwao. Ada nimelipa, kadi ninayo kwenye simu, na kila barua pepe yao huniita "mwanachama wetu mpendwa." Mpendwa huyo amepangiwa 31E.

Kwa asiyeijua, 31E ni siti ya kati, safu ya mwisho. Mgongo haulali. Choo kiko karibu kiasi kwamba nikishuka nitakuwa najua nani ananawa mikono na nani hanawi.

Sikuchelewa kufungua ramani ya viti. Safu za mbele zinataka nyongeza, hata kwa mwanachama. Penye mlango wa dharura, pa kunyoosha miguu, nyongeza pia. Za dirishani zote kijivu, zimechukuliwa. Na nani? Na wapendwa wenzangu! Klabu inaandikisha watu usiku na mchana, lakini ndege ni ile ile: kila safu siti sita, za dirishani mbili. Daladala la Mbagala lina haki zaidi. Pale unagombania siti bure.

Mama watoto akachungulia simu. "Sasa Baba Salma, hiyo ada ni ya nini?"

"Ya kuchagua siti."

"Na umechagua?"

Nikaenda kutafuta chaja.

Tusinyimane haki lakini, klabu ya kumfaa mwanachama imewahi kuwapo. Machi 2025 Ryanair, shirika jingine la ndege, walianzisha klabu ya Prime: pauni 79 kwa mwaka, unachagua siti bila kulipa tena, na punguzo la nauli juu yake. Novemba mwaka ule ule wakaifunga. Sababu waliitaja wenyewe: wanachama 55,000 walilipa ada ya euro milioni 4.4 na ushei, kisha wakachota punguzo la zaidi ya euro milioni 6. Yaani wateja walifaidi, duka likafungwa.

Klabu yangu haina dalili ya kufungwa. Inanawiri, na jana imenikumbusha kulipa ada ya mwaka ujao. Msomaji, ukialikwa kwenye klabu ya ndege, uliza imedumu miaka mingapi. Ukiambiwa ni mingi, nunua siti yako moja ya dirishani, ada ibaki mfukoni.