Mfundishe Mwanao Kusoma Nyumbani, na Usiwe Bahili

Kabla hujafanya lolote, hakikisha mtoto ameandikishwa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe, na mwongozo huu haukusudii kukufikisha mahakamani. Kwa hiyo kwetu Tanzania kumfundisha mtoto nyumbani maana yake ni kumfundisha kabla hajafikia umri huo, au jioni, akiwa hoi, akishatoka shule na chuo cha Kurani, ugali ukiwa bado jikoni. Ndio wakati mzuri. Na mzazi naye anakuwa ametoka kwenye foleni ya Mbagala, subira yake yote anayo.

Uzoefu tunao. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kila mzazi aligeuka mwalimu bila barua ya ajira wala posho. Sisi tulibahatika, mwishoni mwa Juni watoto wakarudi. Kenya madarasa mengi yalisubiri mpaka Januari 2021. Uganda wako waliosubiri mpaka Januari 2022, kwa hiyo ukikutana na mzazi wa Kampala, mwamkie kwa heshima.

Hatua ya kwanza ni kununua. Usisikilize wanaosema babu yako alijifunza kwa kijiti na mchanga. Ni kweli alijifunza hivyo, na ni kweli alikuwa akilisoma gazeti mpaka tangazo la mwisho la tanzia, lakini hakuwa na mabango ya rangi ukutani. Wewe unahitaji kitita cha foniksi, yaani cha kufundisha herufi kwa sauti zake: kadi, nyimbo, vitabu vya mazoezi, stika za nyota, na kikaragosi ikiwezekana. Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza zinapenda Jolly Phonics, kilichoanzia Uingereza mwaka 1992. Kina sauti 42, na kila sauti ina kitendo chake. Ya *s*, mkono unajinyonganyonga mfano wa nyoka. Ya *a*, vidole vinapanda mkononi, wale ni sisimizi. Ya *t*, unageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto, unatazama tenisi. Ya *p*, unapuliza mishumaa. Ya *n*, unatandaza mikono, wewe ni ndege iliyo angani, na unanguruma.

Vitendo hivi vifanyie kibarazani, umevaa msuli, saa ambayo majirani wanarudi kazini. Baba mwenye kitambi anayepaa huku akinguruma "nnnnn" ni somo lisilosahaulika, na mtoto atalikumbuka hata akisahau herufi. Jirani akiuliza kama homa imepanda, mjibu kwamba unafundisha. Hatauliza tena. Atampigia simu kaka yako.

Nisiwaonee Waingereza. Kwao sarakasi hizo zina kazi. Lugha yao ina sauti kama 44 na herufi 26 za kuzibeba, na herufi zenyewe hazitabiriki: zile nne za mwisho katika *though* ukizikuta katika *cough* hazikujui tena, na katika *tough* zimeshahama nyumba. Ndiyo maana wamegombana miaka mingi. Mwaka 1955 Rudolf Flesch alichapisha Marekani kitabu kizima cha kueleza kwa nini Johnny hawezi kusoma, akawalaumu waliotaka mtoto alitazame neno zima mpaka alizoee kama anavyoizoea sura ya shangazi yake, bila kulivunja katika sauti. Ugomvi huo mpaka leo bado una moto. Na England tangu 2012 watoto wa mwaka wa kwanza wanapimwa kwa maneno 40, ambayo 20 kati yake hayamo katika lugha yoyote. Pembeni ya kila neno la uongo kumechorwa zimwi, ili mtoto ajue asihangaike na maana. Serikali nzima inakaa na kutunga maneno ya kipuuzi, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kumtambua mtoto anayesoma na kumtenga na anayekariri.

Wewe una lugha yenye irabu tano ambazo hazijawahi kumsaliti mtu. *A* ya Kigoma ndiyo *a* ya Lamu. Kwa hiyo, kama mzazi makini, anza na Kiingereza. Kiswahili kiweke pembeni kwanza, ni rahisi kupita kiasi. Mtoto anaweza kukimaliza kabla kitita hakijarudisha gharama zake, na hapo utawaambia nini wageni?

Lakini huenda nyumbani kuna bibi, na bibi akashikilia kwamba mjukuu wake aanze na Kiswahili. Usikate tamaa. Kiswahili nacho kinaweza kufanywa kigumu, ni kujituma tu.

Anza na majina ya herufi. Mfundishe aimbe a, be, che, de, e, mpaka ze, na usimwambie kwamba herufi ina jina na pia ina sauti, na kwamba anayesoma anahitaji sauti. Akishakariri, mwekee mbele neno "baba". Atalisoma vizuri kabisa, kidole kikitembea: be, a, be, a. Muulize ni neno gani. "Beabea." Mtazame kwa masikitiko. Mwambie arudie, safari hii kwa sauti kubwa. Mbinu hii inaweza kula muhula mzima, na ikifika mwisho nyote wawili mtakuwa mnaamini kwamba tatizo ni akili ya mtoto.

Akija mwalimu wa darasa la kwanza akakueleza kwamba Kiswahili kinasomeka kwa silabi, mkaribishe chai. Atakwambia mambo ya hatari: kwamba mtoto aanze na irabu, halafu apewe konsonanti moja moja, kwamba ukimpa *m*, *k* na *t* tu pamoja na irabu zake, ana mama, kaka, kuku, mkate, tamu, mate, na anaweza kusoma sentensi kabla hajaijua nusu ya alfabeti, kwamba konsonanti pekee kama *k* ukitaka kuitamka uchi itakutoka "ki" au "ku", kwa hiyo heri uifundishe ikiwa imeshikana na irabu yake. Atataja KKK, ule mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioingia madarasa ya chini mwaka 2015, na kusema kwamba Wakenya mwaka huohuo walianzisha mpango wao wa Tusome kwa mwelekeo huohuo. Mmalizishe chai. Msindikize.

Kama umeshaziingia hizo silabi, bado kuna namna ya kuziharibu. Zigeuze wimbo. Ba, be, bi, bo, bu! Mtoto atauimba akioga, akicheza, akiota. Waite wajomba wasikilize, wapige makofi. Jambo moja tu usilifanye: usimnyooshee kidole kwenye "bo" peke yake. Ukifanya hivyo atanyamaza. Macho yatarudi mwanzo wa mstari, midomo itacheza kimyakimya, ba, be, bi, halafu kwa ushindi mkubwa: "Bo!" Sasa umejua usichotaka kujua.

Na kitabu ni vivyo hivyo. Mtoto anasoma, "Juma ana mbuzi. Mbuzi anakula majani," macho yakiwa kwenye dari. Msifu. Usije ukaweka kiganja juu ya picha ya mbuzi, kwa maana atasema "Juma ana... Juma ana...", kisha ataacha kutazama kitabu na kukutazama wewe usoni, akitafuta jibu kwenye nyusi zako. Kwa sababu hiyohiyo jihadhari na lile karatasi la Uwezo, ambao tangu 2010 walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba nchini kuwasomesha watoto silabi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo chenyewe hakichukui muda hata wa kuchemsha maji, na hakijali ada uliyolipa.

Ukitaka kuiga Waingereza, jaribu maneno ya uongo. Ni kipimo kizuri kweli, hapo sikutanii, ila Kiswahili kina matatizo yake: hakuna neno linalokubali kuwa la uongo. Andika "lumibo". Mtoto atalisoma bila shida, lu-mi-bo, na kabla hujamsifu bibi atasema hiyo ni mboga, walikuwa wakiila Kilwa mwaka wa njaa.

Bibi huyohuyo usimshirikishe katika kupigia silabi makofi. Zoezi lenyewe ni zuri: ma-ta-ko, ehe, samahani, ma-ta-wi, makofi matatu. M-to-to, matatu pia, kwa sababu ile *m* inajitegemea. Kisha muulize, "Mbu" ni makofi mangapi? Wewe na mtoto mtaanza kubishana kama ni moja au mawili. Bibi atapiga moja, na mbu atakufa.

Sasa *ng'*. Ng'ombe na ngoma zinatofautiana kwa kile kialama kidogo cha juu, ritifaa, ambacho wewe mwenyewe hujakiandika kwenye meseji tangu ununue simu. Kihifadhi kwa ajili ya siku ya kwanza kabisa, kabla mtoto hajapata hata *m*. Wanaofundisha kwa mpangilio hukiweka mwishoni, pamoja na *mbw* na *ngw*. Wasikuharakishe kwenda polepole.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji wa vitita hawaitaji. Mtoto aliyefundishwa kwa sauti huandika anachosikia. Hasikii kilicho kwenye kamusi, anakusikia wewe. Utafungua daftari ukute: "Baba ameenda kupiga kula." Chini yake: "Uwongo ni zambi." Na kwenye hesabu: "selasini". Usimchape. Mtoto hajakosea hata herufi moja, amenukuu. Daftari lile linaeleza ulikokulia vizuri kuliko kitambulisho cha NIDA. Hapa mzazi ana njia mbili, kujifunza kutamka *r*, *dh* na *th*, au kusema kwamba mtoto ana matatizo ya masikio. Wengi huchagua masikio.

Huku ukihangaika, mtoto saa tisa anakwenda chuoni kwa Ustadhi. Huyo hajahudhuria semina ya foniksi. Ana ubao, ana kijiti, na ana herufi ya Kiarabu ambayo akiiwekea fat-ha inasema *ba*, kasra *bi*, dhuma *bu*. Anaunganisha, anagusa, anarudisha kijiti nyuma ghafla kuona nani anasoma na nani anafuata wenzake kwa midomo. Watu wa pwani wamesomeshwa herufi kwa sauti zake vizazi na vizazi kabla sanduku lako halijapakiwa melini. Ada yake unailipa kwa kuchelewesha na wakati mwingine kwa kilo ya sukari. Usimwulize chochote kuhusu ufundishaji. Mwulize tu kama mtoto ana adabu.

Itafika siku, pamoja na juhudi zako zote, mtoto atasoma. Kwa wakati huo fedha za vitabu vya hadithi zitakuwa zimeisha kwenye kadi, basi ataanza kusoma vilivyopo. Ataanza na kanga. Kitita kilimfundisha herufi ndogo, kanga zinaandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo itamchukua muda kidogo, akiinama nyuma ya shangazi yake silabi moja moja, mbele ya wifi ambaye kanga hiyo ilinunuliwa kwa ajili yake. Kisha kuta. NYUMBA HII HAIUZWI ni sentensi safi kabisa ya kuanzia, ina silabi za kutosha na ina migogoro. Kwenye daladala atakaa dirishani na kutangaza, kwa sauti uliyomfundisha mwenyewe kuipaza: "U-si-ko-jo-e ha-pa!" Abiria wote watageuka kukutazama wewe.

Hapo ndipo ubadilishe mpangilio wa simu yako, jioni hiyohiyo, meseji zisijitokeze kwenye kioo. Deni la mkopo wa simu likisomwa dukani mbele ya Mangi, bado utapata la kusema. Kila mtu anadaiwa. Ya kuogopa ni ile nyingine, ya matapeli, ambayo hakuna Mtanzania mwenye laini asiyeipokea. Mtoto ataishika simu kwa mikono miwili, kidole chini ya kila silabi, taratibu, barabara, hata foniksi ingemwonea fahari: "I-le pe-sa i-tu-me kwe-nye na-mba hi-i. Ji-na li-ta-ku-ja Re. He. Ma." Kisha atainua kichwa. "Baba, Rehema ni nani?" Jikoni mwiko utasimama. Wewe anza kujieleza mapema, na umwite yule jirani wa kibarazani aje kuwa shahidi kwamba jioni zote unashinda nyumbani, ukipaa.