Mashtaka Saba Dhidi ya Mzee Saguaro

Unamjua: dungusi mrefu aliyenyoosha mikono juu kama aliyefumaniwa na polisi. Filamu za kauboi humpenda mno, hata zinazodai kutokea Texas, ambako haoti. Kwao hasa ni jangwa la Sonora, kusini mwa Arizona nchini Marekani hadi jimbo la Sonora nchini Mexico. (Ile miti ya Ziwa Nakuru unayowaonyesha wageni ukisema "dungusi" si ukoo wake. Ni euforbia, na utomvu wake mweupe usiusogeze karibu na macho.)

Angehamia uswahilini, majirani wasingelala kwa kumsema. Nimewapunguzia kazi: haya hapa mashtaka yake, kuanzia dogo hadi lisilosameheka.

7. Akiona maji hajizuii. Mizizi yake mingi imezama sentimita 10 hadi 15 tu, lakini hutambaa pande zote karibu sawa na urefu wake. Mvua ya Julai ikipiga, anaifyonza kabla jua halijaitaka. Ngozi yake ina marinda yanayofunguka kadiri anavyojaa, na mtu mzima aliyeshiba huweza kupita tani mbili. Tumbo la pilau la sikukuu lisimcheke.

6. Anaweka wapangaji bila kodi. Kigogota wa Gila hutoboa tundu shinani mwake. Mzee hapigi kelele. Anaziba jeraha kwa gamba gumu, na ndege inabidi asubiri miezi likauke ndipo ahamie. Kigogota akiondoka, anaingia bundi mdogo asiyezidi kiganja. Saguaro akifa na kuoza, lile gamba hubaki zima, na wenyeji wa jangwa walilitumia kama chombo cha kuwekea vitu. Mwenye nyumba kaenda, chumba kipo.

5. Miaka 35, hana hata ua. Hapo ndipo kwa kawaida huanza kuchanua. Mashangazi wangekuwa wameshamaliza waganga wote. Na akichanua, ni kwa madaha: ua jeupe hufunguka usiku na kufunga mchana unaofuata. Katika saa hizo chache popo, nyuki na njiwa hugombania zamu. Tunda moja huweza kubeba mbegu 2,000. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, huangua matunda hayo mwezi Juni kwa upondo mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro aliyekufa, na divai ya matunda hayo hunywewa katika sherehe ya kuita mvua. Kwao mwaka mpya huanza hapo. Kwa mzazi aliyechelewa, si haba.

4. Hataji umri. Ukimkata hutakuta pete za miaka kama za mti wa mbao. Wataalamu hupima urefu, kisha hukadiria. Mikono nayo inadanganya: wa kwanza huchipua akiwa na miaka 50 hadi 70, penye ukame zaidi hata 100, na wengine huzeeka bila hata mmoja. Wengi huweza kufika miaka 150, na wapo wanaogonga 200. Cheti cha kuzaliwa usimwombe.

3. Kudumaa. Miaka minane ya kwanza ya maisha yake humpa sentimita mbili na nusu hadi nne. Inama chini ya kichaka, sogeza majani makavu, na huenda ukamkuta katikati ya kokoto: kidonge cha kijani chenye miiba, kidogo kuliko kidole gumba chako. Mtoto wa kibinadamu wa rika lake yuko darasa la pili. Panya humtafuna, jua humkausha, baridi ya usiku mmoja humgandisha. Mbegu za saguaro mmoja maishani huhesabiwa kwa mamilioni. Watakaopata mikono ni wa kuhesabu vidoleni. Shtaka hili, kwa maoni yangu, lifutwe.

2. Kudondosha mikono juu ya watu. Mwaka 1982, nje ya jiji la Phoenix, Arizona, jamaa mmoja alijifurahisha kwa kumpiga saguaro risasi mpaka mkono ukamwangukia, akafa. Hapo mzee alikuwa anajitetea. Kiangazi cha 2023 ni habari nyingine. Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ikifika nyuzi 43 au zaidi, na mikono ikaanguka bila kuchokozwa. Saguaro hufungua vitundu vya ngozi usiku ili avute hewa bila kupoteza maji mengi. Usiku ukigoma kupoa, hana zamu nyingine ya kupumulia.

1. Kumlipa mlezi kwa mateke. Hili ndilo kubwa. Aliyemficha panya na jua, akamfunika usiku wa baridi, mara nyingi ni mti wa palo verde uliomkingia kivuli miongo kadhaa. Kijana akishanyooka, mizizi yake ya juujuu inadaka mvua kabla haijafika kwa mama mlezi. Palo verde unaanza kukauka tawi moja moja, mwishowe unaanguka, naye anabaki amesimama peke yake akipigwa picha na watalii. Shukrani ya punda, tena punda wa miiba.

Ila palo verde nao haukuombwa ridhaa ya kulea. Mbegu iliangushwa hapo na ndege aliyetua tawini baada ya kushiba tunda. Kesi ikisikilizwa, ndege huyo aitwe kwanza.