Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba

Mheshimiwa sana, Mzee wetu,
Mwenye Nyumba, Mmiliki wa Jengo na Uwanja Wake,
Ilala, Dar es Salaam.

YAH: KUZIBA KWA SINKI LA JIKONI

Shikamoo Mzee. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natanguliza salamu nyingi kwako, kwa Mama, na kwa gari lako, ambalo nitalitaja tena kwa adabu zote.

Nashukuru kwanza kwa ukimya wako. Mtu mwenye majukumu kama yako hawezi kupokea simu ya kila mpangaji, na ukimya huo ndio ulionifundisha ufundi bomba. Nilitega ndoo chini ya sinki, nikafungua ile kona ya bomba yenye umbo la U, nikatoa punje za wali, majani ya chai na mafuta yaliyoganda. Kona hiyo inastahili heshima, Mzee. Hubakiza maji kidogo ndani yake ili harufu ya maji machafu isipande jikoni; fundi saa wa Uskoti, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye kona ya namna hiyo mwaka 1775. Niliiosha, nikaikaza, nikafungua koki. Maji yakasimama palepale.

Nashukuru pia kwa chupa isiyo na lebo uliyomtuma msimamizi aniletee. Naomba radhi, sikuimimina. Dawa kali za kuzibulia, nyingine kostiki, nyingine asidi, huunguza ngozi na macho, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Kwenye sinki hilo watoto wangu huosha vyombo. Chupa yako nimeiweka juu ya kabati, mahali wasipofika.

Majirani wa juu nao nawashukuru, maana ndio walionipa ushahidi. Wakimwaga maji, yanaibuka kwenye sinki langu pamoja na majani ya chai nisiyoinywa. Kama tatizo lingekuwa kwenye kona yangu, maji yao yangepita zao chini bila kunijua. Yakiibuka kwangu mimi wa chini kabisa, basi limeziba bomba kuu, linalobeba maji ya jengo zima. Mafuta ya nyama humwagwa yakiwa ya moto, hupoa njiani, hushika kuta za bomba, na mabaki ya chakula hunasa hapo. Maji ya moto ya birika huyasogeza mbele tu, yakagande tena. Dawa yake ni kufungua chemba na kupitisha waya wa kuzibulia.

Chemba ipo, Mzee. Ipo uani, chini ya matofali mapya uliyotandaza, na juu ya matofali limeegeshwa gari lako. Fundi alikuja na waya wake begani, akalitazama gari, akamuaga mlinzi, akaondoka. Hatukumlaumu. Nani athubutu kulisumbua gari la Mheshimiwa kwa ajili ya masufuria ya wapangaji?

Kwa hiyo hatuombi gari liondolewe. Tunaomba jambo dogo zaidi. Tumesikia kwamba sinki la nyumbani kwako, ng'ambo ya ukuta, linapitisha maji vizuri sana. Tunaomba kibali cha wapangaji wote kuja kuoshea vyombo jikoni kwako kila jioni. Tutakuja kwa zamu, ghorofa baada ya ghorofa, na Ijumaa tutaleta masufuria ya pilau. Mafuta tutayafuta kwanza kwa karatasi na kuyatupa kwenye taka, yasije yakakuzibia. Mama asihangaike kutuandalia chai.

Tutaanza Jumamosi hii baada ya chakula cha jioni, isipokuwa kama chemba itakuwa imefunguliwa. Sabuni na madodoki tutakuja navyo. Tafadhali mwarifu mlinzi atufungulie geti.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa chini.