Mzaramo kwenye Utani wa Watu

Gambia imejichomeka katikati ya Senegali kuanzia ufukweni hadi mbali bara. Mtu wa Dakar akitaka kwenda Casamance, kusini mwa nchi yake mwenyewe, hana budi aingie nchi ya watu na kutoka tena, au aizunguke kwa mbali, au apande meli. Daraja la Senegambia lilifunguliwa Januari 2019 pale Farafenni, ambako malori yalikuwa yakisubiri pantoni kwa siku kadhaa, na safari ya barabara ikawa nafuu. Hata hivyo, wapo wasiotaka kusikia habari za basi. Hao huenda gatini Dakar jioni, hulala baharini, na asubuhi huamka kwenye mdomo wa mto Casamance, meli ikielekea Ziguinchor.

Miongoni mwao, safari hii, alikuwamo fundi wa viyoyozi kutoka Kisarawe. Alikuwa Dakar kwa mafunzo, akapata siku chache za mapumziko. Wenyeji wake walipomwuliza kama anaiweza bahari, aliwacheka: yeye ni mtu wa Pwani! Hakuona haja ya kueleza kwamba Kisarawe iko kweli Mkoa wa Pwani, lakini haina hata hatua moja ya ufukwe.

Gatini alikabidhi begi lake kubwa, likabandikwa namba na kupelekwa chini kwenye mizigo. Ndani ya begi lile ndimo lilimokuwa jaketi lake la pekee. Kisha ukaanza ukaguzi: pasi na tiketi mlangoni, pasi na tiketi kwenye ukumbi wa kungojea, pasi na tiketi tena kabla ya ngazi. Jina lake lilitafutwa kwenye orodha, likapatikana, likawekewa alama. Fundi alinung'unika kwamba hata uwanja wa ndege hawakumchunguza namna ile. Mzee aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, mcheshi aliyekuwa akimtania kila mtu tangu getini, aligeuka akamtazama bila kutabasamu.

Wakaguzi wana sababu. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2002 meli iliyoitwa Joola, ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar, ilipinduka katika dhoruba nje ya pwani ya Gambia. Ilijengwa kuchukua watu 580. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 1,863, zaidi ya waliozama na Titanic, na walionusurika ni 64 tu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanafunzi wengi waliokuwa wakirudi masomoni. Msomaji anayeikumbuka MV Bukoba ya Mei 1996, au Spice Islander ya Septemba 2011, hahitaji kuelezwa zaidi. Kwenye safari hii watu hutania karibu kila kitu, lakini kuhesabiwa hakutaniwi.

Ukumbi wa viti ulikuwa na kiyoyozi kilichofanya kazi barabara. Wenyeji wanalijua hilo, na kabla meli haijatoka bandarini walikuwa wameshatoa mablanketi, soksi na kofia za sufu. Fundi, aliyekata tiketi ya kiti ili kuokoa pesa, alikaa na fulana yake ya mikono mifupi akiitathmini ile mashine kitaalamu. Gesi ya kutosha, kipozeo safi, hewa inasambaa vizuri. Saa tatu usiku meno yalianza kugongana, na utaalamu haukumsaidia.

Ndipo ugomvi ulipozuka. Yule mzee wa kwenye foleni alisimama mbele ya mama mmoja mnene aliyejifunika gubigubi, akapaza sauti ukumbi mzima usikie: nani amemruhusu mtumwa wake apande meli bila kumwomba bwana wake? Mama akafunua uso na kujibu kwamba mtumwa ni yeye, tena mtumwa mlafi, na kama si huruma ya kina mama wa Casamance wanaolima mpunga, ukoo wake wote ungekuwa umeshakufa njaa. Mzee akasema afadhali mlafi kuliko mwizi. Mama akavua kandambili.

Fundi, mtu wa amani, aliruka akasimama katikati yao na kuinua mikono. Alisema "samahani" kwa Kifaransa, akaongeza "jamani" kwa Kiswahili.

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akirudi kwao likizo, alimvuta shati akamkalisha na kumfafanulia kwa Kiingereza: mzee ni Msereri, mama ni Mjola, na hawajawahi kuonana. Hapo fundi alijipiga paji la uso. Yeye, Mzaramo, aliyekua akiona Wanyamwezi wakija msibani kwao na kuvuruga matanga huku wafiwa wakicheka! Utani ule wa Wazaramo na Wanyamwezi huhusishwa na wapagazi walioshuka pwani na misafara ya karne ya 19. Huu wa Senegali unasimuliwa kwa hadithi ya ndugu wawili wa kike, Aguène na Diambogne, waliokuwa safarini kwa mtumbwi. Walipofika ncha ya Sangomar mtumbwi ukakatika vipande viwili. Mmoja akachukuliwa na maji kusini, wakatoka Wajola, na mwingine akabaki kaskazini, wakatoka Wasereri.

Sasa Senegali ilipopata meli mbili zaidi za njia hii, iliziita Aguène na Diambogne. Sijui nchi nyingine ambayo ingethubutu kuzipa meli majina ya watu ambao chombo chao kilivunjika katikati, tena kwenye maji hayohayo. Ya tatu, iliyoanza kazi mwaka 2008, inaitwa Aline Sitoé Diatta, jina la mwanamke wa Kijola wa kijiji cha Kabrousse ambaye Wafaransa walimkamata mwaka 1943, naye akafia uhamishoni Timbuktu mwaka uliofuata. Ni ipi kati ya hizo aliyopanda fundi? Ameomba isitajwe, kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Yaliyofuata ni kwamba bahari ilichafuka. Mtu wa Pwani alikuwa amekula sahani nzima ya yassa, kuku na vitunguu na limau juu ya wali, na ilipofika saa sita usiku yassa yote ikataka kushuka. Alikimbilia sitahani akashika ukingo upande unaotoka upepo. Atakayefanya hivyo mara moja hatarudia. Yule mama wa kandambili ndiye aliyemfuata na chupa ya maji na kanga yake ya pili, akamfunga mabegani, akamwuliza kupitia mwanafunzi: kwao wanavua samaki au wanawalisha?

Alfajiri alilala fofofo, akakosa pomboo ambao abiria huwangojea mtoni. Meli iliposimama Carabane alizinduka, akaona gati, mitende na watu wanaoshuka, akashuka nao, kanga mabegani. Kisiwa hicho kina kaburi la nahodha Mfaransa aliyeitwa Protet, aliyeuawa mwaka 1860 na ambaye inasimuliwa alizikwa wima akiitazama bahari. Usiku ule kwenye kiti ulimfanya fundi amwelewe vizuri sana. Lakini hakufika kaburini. Baharia wa chini ya ngazi aliitazama tiketi yake, akaitazama orodha, akamshika bega na kumgeuza: Ziguinchor. Juu ya ngazi wakamhesabu upya.

Saa kadhaa baadaye, kati ya kuta mbili za mikoko ambamo wanawake huchuma chaza, Ziguinchor ikajitokeza. Mzee Msereri alikuwa ameshaamua kwamba mgeni ambaye kwao ana watani hawezi kuondoka bure, akamtwika gunia la vitunguu. Mama alidai gunia hilo ni lake, kwa kuwa mali ya mtumwa ni ya bwana. Fundi alilibeba hadi nje ya bandari huku wote wawili wakimwelekeza, kila mmoja upande wake.

Akalitua, akaenda dirishani kukata tiketi ya kurudi. Safari hii alitaka kitanda cha chini kwenye chumba cha watu wanane, na akaomba kwa heshima apangwe mbali na Msereri yeyote na Mjola yeyote. Karani, Mjola wa kuzaliwa, aliandika kitu kwenye karatasi bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo," akasema, "utaogelea."